Nusu ya Kulwa

Brashi zilikuwa mbichi. Zilikuwa mpya, ncha zake bado zimevaa vile vifuniko vya plastiki, na kisanduku kilikuwa kimefungwa juu ya kabati tangu jana yake. Lakini Felisita alipokifungua asubuhi ili akitazame tena, maana mtu akitengeneza kitu kwa mikono yake hachoki kukitazama, alikuta brashi za upande wa kushoto zimelowa mpaka kwenye mpini, na za upande wa kulia kavu kama zilivyotoka dukani. Akazifuta kwa kanga, akajiambia ni vanishi haijakauka vizuri, akaenda kazini. Vanishi ilikuwa imekauka tangu juzi, na hilo alilijua.

Alifanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Bariadi, na jioni zake zote za mwezi uliopita zilikuwa zimeliwa na kisanduku hicho. Alikitengenezea nyuma ya banda la Marcelo, fundi seremala, aliyemwazima msumeno na kumfundisha mambo mawili matatu bila kumcheka sana. Kilikuwa cha plaiwudi, kirefu kama mkono, na ndani kina vyumba viwili, kimoja mkono wa kushoto na kimoja wa kulia. Kwa kuwa hakupata mbao nene ya kutenganisha vyumba, aligandisha mbili nyembamba, mgongo kwa mgongo. Nje akakipamba kwa rangi: pamba zilizopasuka, ng'ombe wenye pembe ndefu, na mistari kama shanga za wacheza ngoma. Upande wa kushoto ulifanana na wa kulia, ua kwa ua na pembe kwa pembe, kwa sababu Felisita ni mtu wa namna hiyo. Hata shuka akitandika hupima kwa macho pande zote zilingane.

Juu ya mfuniko, kwa herufi za njano, aliandika: CHA DOTO PEKE YAKE.

Doto alikuwa kaka yake. Kanisani walimbatiza Anatoli, lakini Anatoli alibaki kwenye vyeti. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya vinyozi, ya mama lishe na ya maduka ya pembejeo, na alichora hata migongo ya malori ya pamba. Mwaka huo alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha sanaa huko pwani, na kisanduku kilikuwa zawadi ya safari.

Ukisikia Doto huku Usukumani, unajua palikuwa na Kulwa. Kulwa alitangulia kutoka tumboni na akatangulia kuondoka duniani, hata kutambaa hajajua. Felisita alizaliwa baadaye, ndiyo maana nyumbani walimwita kwa jina lake la Shija, jina la mtoto anayewafuata mapacha. Ni Doto tu aliyemwita Feli.

Mama yao, Monika, alimlea Doto kama wazee walivyotaka. Akinunua shati, ananunua mawili, na moja linawekwa juu ya chungu cha Kulwa kilichozikwa chini ya upenu wa nyumba yao kule Mwamanyili. Akipakua chakula, kijiko cha kwanza kinakwenda kwenye chungu. Na hakuna aliyesema na Doto kwa umoja. Alisimama mlangoni mtoto mmoja akaambiwa karibuni, kuleni, laleni salama. Kisha Monika akaokoka, akaviacha vyote kwa siku moja, na chungu kikaota majani. Lakini Doto alikuwa ameshakua akijua kwamba kila alichoshika kilikuwa nusu. Siku moja, akiwa na rangi hadi kwenye nyusi, alimwambia dada yake, "Feli, sijawahi kuwa na kitu changu mwenyewe." Felisita hakulisahau neno hilo. Alipokuwa akichora zile herufi za njano alitabasamu peke yake kwenye banda la Marcelo, akiona amempatia hicho kitu.

Doto alipopewa kisanduku alipitisha kidole juu ya maandishi, akasoma kwa sauti, akacheka. Halafu akageuka kuangalia nyuma kama mtu aliyeguswa bega. Felisita akadhani ni machozi anayaficha.

Baada ya zile brashi mbichi, rangi nazo zikaanza kuisha. Ni za upande wa kushoto tu. Mirija ilikutwa imekamuliwa na kukunjwa vizuri kutoka chini kwenda juu, wakati Doto hukamua rangi katikati, ovyo, kama anakaba kuku. Alipoulizwa alisema hajagusa, anazihifadhi za chuoni. Wakawashuku watoto wa mwenye nyumba, wakanunua kufuli la kisanduku.

Mchana mmoja Felisita alirudi nyumbani kula, jua limesimama utosini na mtaa mzima wa Somanda umejificha vivulini. Akiwa anapuliza mkaa akasikia chumbani kwa Doto mtu anasuuza brashi kwenye glasi. Kling, kling, kling. Mlio huo aliujua kama anavyojua kikohozi cha mama yake. Akamwita kaka yake aje wale. Mlio ukakoma. Hakuna aliyejibu, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba Doto alikuwa Lagangabilili tangu alfajiri, akichora bango la duka jipya. Akasukuma mlango. Chumba kilikuwa kitupu, kufuli liko mahali pake, na juu ya meza palikuwa na glasi ya maji mekundu ambayo yalikuwa bado yanazunguka. Harufu iliyomo humo haikuwa ya rangi. Ilikuwa ya udongo uliolowa, na ndani yake harufu ya maziwa ya mama anayenyonyesha.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Alimwaga maji, akala kidogo, akarudi kazini.

Mara ya pili jambo lilimfuata Doto kazini. Kinyozi mmoja alikuja juu kulalamika kwamba amechorewa nusu ya uso. Doto akaapa bango limekamilika, wakaenda wote watatu kuliangalia, akasimama mbele yake akionyesha jicho la kushoto na sikio la kushoto na kipara cha kushoto, mahali ambapo Felisita na kinyozi waliona bati tupu. Doto akawatazama usoni mmoja mmoja, kwanza kwa hasira, halafu kwa woga. Jioni ile alikula ugali akaacha nusu, na ile nusu ilikatwa wima katikati ya sahani, mstari umenyooka. Asubuhi alinyoa ndevu upande mmoja. Felisita akamkalisha kwenye kigoda akamnyoa upande wa pili kwa mkono wake mwenyewe, na shavu lile la kushoto lilikuwa la baridi kama mtungi.

"Feli," alisema Doto polepole, "huu mkono wangu kuna mtu anaushika."

"Mkono gani?"

"Huu. Haniumizi. Ameushika tu, kama mtoto anavyoshikwa kuvushwa barabara."

Wiki hiyo hiyo Doto alianguka akiwa juu ya ngazi. Mkono wa kushoto ukafa, mguu wa kushoto ukafuata, jicho la kushoto likafunga lenyewe. Hospitali walimpima kila kinachopimika, presha ikawa ya kijana, damu safi, picha ya kichwa haina kitu, wakaandika rufaa ya Mwanza na huko nako wakakuta hivyo hivyo. Monika alikuja na wanamaombi, wakakesha, wakafunga, wakalia mbele za Mungu hadi sauti zikawakauka. Doto aliitikia amina kwa nusu ya mdomo. Siku ya kuripoti chuoni ikapita. Felisita alikuwa hana mbele wala nyuma. Alimlisha, alimgeuza, alimsafisha, na kila alipomwacha peke yake chumbani, hata akienda kuchota maji tu na kurudi, alisikia nyuma yake kling, kling, kling, na akirudi anakuta mkono ule uliokufa umelala juu ya shuka ukiwa na rangi mbichi kwenye kucha.

Ndipo walipomhamishia Mwamanyili, na ndipo alipoletwa shangazi Ng'washi, dada wa marehemu baba yao, aliyekuwa akifanya mambo ya mapacha enzi zake. Monika hakutaka, lakini mama ambaye mwanawe anamponyoka hana ubishi wa muda mrefu. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akaingia akipapasa ukuta. Alimshika Doto upande wa kulia, akamshika upande wa kushoto, akarudisha mkono haraka. Kisha akauliza ni nani aliyewapa watoto hawa kitu hivi karibuni.

Felisita akamwekea kisanduku mapajani. Bibi yule akakipapasa, akasifu kazi, kisha vidole vyake vikafika kwenye herufi vikasimama.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Cha Doto peke yake."

Shangazi Ng'washi akaondoa vidole kwenye herufi. Monika akaziba mdomo kwa kanga, kwa maana yeye alikuwa ameelewa.

"Shija, ng'wanone, mwanangu," alisema shangazi, sauti imeshuka. "Pacha haambiwi peke yake. Unaweza kumnyima, unaweza kumchapa, ila neno hilo humwambii. Umemjengea vyumba viwili, halafu umeandika mlangoni kwamba mmoja hana chumba."

"Kulwa alikuwa mtoto mchanga, shangazi."

"Alikuwa. Kinachoachwa miaka yote bila kupewa chake hakikai kilivyokuwa. Huyu sasa ni jini kama majini mengine, ila anayo haki na analo jina. Amekuja kuchukua nusu yake. Mkono ameuchukua, mguu ameuchukua, jicho ameuchukua..." Akakosea maneno, akavuta pumzi. "Na moyo uko upande gani?"

Felisita akamwomba basi wampe Kulwa kisanduku chote, na rangi zote, na chochote atakacho, amwachie tu kaka yake. Shangazi akatikisa kichwa. Alisema, "Ukimpa chote, utakuwa umemwambia na yeye kwamba yuko peke yake. Na yeye akiwa peke yake, Doto atakuwa wapi?"

Basi akatoa masharti yake. Kisanduku kimwagwe vyote vilivyomo, kifungwe, kisifunguliwe tena. Maandishi yasuguliwe mpaka neno lile lisisomeke. Kisha jua likiwa utosini, wakati vivuli vimeingia chini ya miguu, kikatwe katikati. Kulwa alizaliwa wa kwanza na alilazwa kushoto kwa mama, kwa hiyo vifungio vikikutazama, kushoto ni kwa Kulwa. Nusu hiyo izikwe kando ya chungu bila kuchunguliwa. Ya kulia iwekwe kichwani pa Doto, nayo isifunguliwe mpaka asimame. Na kwa kuwa aliyeandika ni Shija, mkono wa kukata ni wa Shija.

Mchana uliofuata Felisita alikaa uani akisugua mfuniko kwa msasa. Njano ikatoka, na pembe za ng'ombe zikatoka nayo, vumbi likamwingia machoni akalia bila kujua analilia vumbi au analia. Ndani Doto alikuwa amebadilika kupumua. Pumzi ilikuwa ikiingia na kukaa, kana kwamba huko ndani inagombewa, na Monika alitoka mlangoni akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake kwamba midomo inageuka rangi, kwamba Shija afanye haraka. Jua lilikuwa limefika. Felisita akakishika kisanduku akakilaza kifudifudi, mfuniko chini na kitako juu, jinsi Marcelo alivyomfundisha, kwamba plaiwudi iliyopambwa hukatwa kutokea upande usio na pambo ili meno ya msumeno wa kuvuta yasiuchane uso wake. Alikibiringisha kwa ubavu, kama unavyogeuza mtoto aliyelala, vifungio vikabaki vinamtazama, naye akaweka goti juu akaanza kukata, na kutoka chini ya msumeno ikapanda ile harufu ya udongo na maziwa, nzito, ya moto, na kila alivyovuta msumeno kulikuwa na mlio mwingine unaomjibu kutoka ndani ya nyumba, ambao kwanza alidhani ni Doto anakoroma na baadaye akajua ni watu wawili wanavuta pumzi moja, na hakusimama, alikata mpaka zile mbao mbili zilizogandana mgongo zikaachana kwa sauti kama ya mfupa na nusu mbili zikaangukia kila moja upande wake.

Hazikuwa na tofauti hata chembe. Ua kwa ua.

"Ya kushoto unaijua?" aliuliza shangazi, macho yake meupe yakitazama juu.

"Ninaijua."

"Una hakika, ng'wanone?"

Ndani Monika alipiga kelele. Felisita akasema ana hakika, akaikwapua iliyokuwa kushoto kwake, akakimbia nayo upenuni, akaisukumia shimoni kando ya chungu, akafukia kwa viganja. Shangazi akasema maneno ya zamani kwa Kisukuma, akiwaita wote wawili, akiwagawia.

Halafu Monika akapiga kigelegele.

Doto alikuwa amekaa. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, linang'aa, mkono wa kushoto unajifungua na kujifunga mbele ya uso wake, naye anautazama kwa furaha kubwa. Akaomba maji, akanywa kibuyu kizima. Kisha akamwangalia Felisita aliyesimama mlangoni na udongo hadi viwikoni, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe wewe ndiye uliyetufuata," alisema.

Wakacheka wote, hata shangazi. Mtu aliyerudi kutoka kule atasema lolote.

Siku zilizofuata zilikuwa za sherehe. Majirani walileta maziwa, wanamaombi walirudi kushukuru, na kila mmoja alidai muujiza ni wake. Mgonjwa alikula kila kitu, sahani nzima, pande zote. Alikula kwa mkono wa kushoto, wakasema ugonjwa umehamisha mkono, mbona watu wa kiharusi huwa hivyo. Aliomba karatasi akachora kwa kushoto, akachora vizuri kuliko zamani. Mirija ya rangi aliikamua kutoka chini kwenda juu. Felisita aliona, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka na aliyerudishiwa ndugu yake haulizi maswali. Alichosubiri ni kusikia tu lile jina lake. Doto hakuwa amemwita Feli tangu aamke. Hakuwa amemwita chochote.

Alipoanza kutembea bila fimbo, Felisita akaichukua ile nusu ya kisanduku iliyokuwa kichwani pake, ili amrudishie humo brashi zake. Akaifungua. Kwenye sakafu yake palikuwa na duara nyeusi za maji, moja pembeni ya nyingine, mahali ambapo brashi mbichi zilikaa wiki baada ya wiki, na plaiwudi ilikuwa imevimba na kunuka maziwa.

Akairudia ile siku kichwani. Goti lake juu. Kitako juu. Vifungio vinamtazama. Akachukua ile nusu mikononi na kuibiringisha hewani polepole kwa ubavu, kama alivyofanya siku ile, akaona kwa macho yake jinsi mkono wa kushoto unavyokwenda kulia bila kitu kingine chochote kubadilika. Alikuwa amemzika Doto, mwenye brashi zake kavu na vitu vyake ambavyo hakuwahi kuwa navyo peke yake, akamwachia Kulwa nyumba.

Alitoka mbio na jembe, mchana kweupe, akachimba upenuni bila kumsikiliza mama yake aliyekuwa akimwita, akachimba mpaka chungu kikatokea ubavu wote na udongo ukawa wa maji, na ile nusu haikuwepo, haikuwepo kando wala chini wala nyuma ya chungu, kulikuwa na udongo tu wa baridi, naye akalala kifudifudi akaweka sikio shimoni, na mbali sana huko chini, taratibu, kama mkono uliochoka, akasikia mtu anasuuza brashi kwenye glasi.

Kling. Kling.

Shangazi Ng'washi aliletwa tena. Alipapasa shimo, akapapasa uso wa Felisita, akasema kilichogawiwa kwa maneno yale hakigawiwi mara ya pili, akaomba arudishwe kwake. Monika hakuambiwa. Alikuwa jikoni akiimba, kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu walipokuwa wadogo.

Felisita hakurudi Bariadi. Kila asubuhi huchemsha chai, huweka vikombe viwili mezani, na huacha wazi dirisha la upenuni ili sauti yake ifike. Anasema kama mama yao alivyosema zamani, kwa nguvu, kwa wingi.

"Karibuni chai. Karibuni wote wawili."

Asubuhi ya kwanza kabisa alipoyasema hayo, yule aliyekaa mezani aliweka brashi chini. Alinyoosha mkono wa kushoto, akavuta kikombe cha kwanza, kisha akavuta na cha pili, akaviweka vyote mbele yake. Akatabasamu kwa uso wa kaka yake.

"Sema karibu," alisema. "Niko peke yangu."